Sabufa, Mzee wetu na haki ya jirani



Tunaomba nafasi katika ukurasa huu wa familia tuzungumze juu ya jambo ambalo kwa juujuu halina uzito, nalo ni spika za televisheni ya nyumbani. Tunasema "sisi" kwa sababu yaliyotokea yalitupata sote, mume na mke, watoto na Mzee wetu, chini ya bati moja. Tena mmoja wetu ni katibu wa kamati ya msikiti wa mtaa, na mkono wake ndio ulioandika barua ya kulalamikia kelele za mwingine kabla nyumba yake haijageuka kuwa chanzo cha kelele.

Mzee ni baba yetu, mvuvi wa Msimbati, kijiji cha ufukweni kwenye Ghuba ya Mnazi, si mbali na mahali Mto Ruvuma unapomwaga maji yake baharini. Mama yetu alipofariki na miguu ya Mzee ilipoanza kumsumbua, tulimwomba ahamie kwetu Mtwara mjini. Alikubali shingo upande. Mtu aliyeamka maisha yake yote kwa kusikiliza upepo, ajue kama ni kusi au kaskazi, si rahisi kumweka katika chumba chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani.

Kilichomliwaza ni televisheni. Saa ya Makka na saa ya Mtwara ni moja, na chaneli ya Saudia inayorusha matangazo ya moja kwa moja kutoka Masjidul Haram haifungwi usiku wala mchana. Ramadhani ya kwanza aliyofunga kwetu, tuliporudi kutoka tarawehe tulimkuta ameketi mbele ya kioo, tasbihi mkononi, akiwatazama mahujaji na waumini wakijipanga safu huko ambako yeye hakujaaliwa kufika. Tulidhani anafaidi. Usiku mmoja akamuuliza mkwewe, "Mwanangu, huyu imamu anasoma au ananguruma?"

Tukaongeza sauti. Akasema sasa ananguruma zaidi.

Hapo ndipo tulipoanza kuchunguza. Televisheni za siku hizi ni nyembamba kama sinia, na ndani yake hamna nafasi ya spika ya maana. Vispika vyake viwili vidogo huwekwa chini au nyuma, vikatazama sakafu au ukuta badala ya kumtazama mtu. Sauti hutoka, ikagonga saruji, ikarudi imechanganyika na mwangwi wake. Katika sebule ya sakafu tupu na kuta tupu, kama zilivyo nyingi katika mji wetu, maneno hupotea kabla hayajamfikia msikilizaji.

Basi tukaazimia kununua spika. Msimu wa korosho ulipofika na malipo ya shamba dogo la familia yalipotoka kupitia chama cha msingi, tuliingia mjini. Msomaji wa Mtwara hana haja ya kuelezwa hali ya maduka ya vifaa vya umeme katika miezi ile: maboksi yamepangwa hadi barabarani, na kila muuzaji amewasha la kwake ili kushindana na mwenzake. Tukachagua seti ya spika tano ndogo na moja kubwa ya besi, kwa fedha isiyofika laki mbili. Mtaani seti nzima huitwa sabufa, ingawa kwa asili jina hilo ni la ile spika moja ya besi tu. Juu ya boksi paliandikwa kwamba sauti yake humzunguka msikilizaji pande zote. Tukalipa, tukabeba.

Huenda wapo watakaouliza: sabufa, katika nyumba ya katibu wa msikiti? Tulijiuliza pia. Jibu letu lilikuwa kwamba chombo ni chombo, nacho huhukumiwa kwa kinachotoka ndani yake. Katika nyumba yetu kingetoka kisomo, taarifa ya habari ya saa mbili na, tusifiche, mpira wa watoto siku ya Jumamosi. Jibu hilo lilikuwa sahihi, lakini halikutosha, kama mtakavyoona.

Miezi michache kabla ya hapo, kamati yetu ilikuwa imemwandikia barua kijana mwenye banda la kuonyesha mpira, yale tunayoyaita vibanda umiza, lililo nyuma ya msikiti. Sabufa yake ilikuwa ikitetemesha madirisha yetu wakati wa isha. Barua ilikuwa kali. Ilitaja haki ya msikiti, ikataja haki ya majirani, ikataja hata kanuni za nchi za mwaka 2015 zinazodhibiti kelele na mitetemo. Kijana aliipokea kwa adabu, akapunguza, wala hakujibu neno. Kamati ikaandika katika kumbukumbu zake kwamba suala limekwisha.

Sisi tuliporudi na boksi letu, tuliiweka ile spika ya besi kwenye kona ya sebule, ikaegemea ukuta, kwa kuwa hapo ndipo penye soketi na hapo haimzuii mtu kupita. Spika nyingine tukazitundika juu karibu na dari ili watoto wasizifikie. Tukawasha. Ukuta ukaitikia, vikombe vikaitikia kabatini, watoto wakapiga makofi. Mzee akatabasamu kwa kutufurahisha. Tangu siku hiyo televisheni ilisikika hadi saa sita usiku, na tena saa tisa, Mzee anapoamka kusali kisha akaiwasha angoje alfajiri pamoja na watu wa Haram.

Tunapakana na mama mmoja ambaye watoto wetu humwita Mama Vitumbua, kwa kazi yake. Si wa dini yetu. Usiku huacha mchele wake umesagwa na unga umeumuka, hulala mapema, na saa kumi huwasha moto ili wanafunzi na madereva wa bodaboda wapate vitumbua kabla jua halijachomoza. Nyumba yake na yetu ziko chini ya paa moja, na ukuta unaozitenga, kama ilivyo katika nyumba nyingi za kupanga, haukufika kwenye bati. Mwanga wa taa yake tunauona juu ya ukuta, naye huuona wetu.

Kwa majuma kadhaa hakusema kitu. Aliyesema ni mtoto wake, mwenye umri wa miaka sita, alipokuwa akicheza na binti yetu uani. Alimwambia kwamba mama yake siku hizi halali chumbani, hutandika mkeka upande wa pili karibu na jiko, kwa sababu ukuta wa chumbani unapumua. Binti yetu alituletea habari hiyo kama jambo la kuchekesha. Hatukucheka.

Jioni hiyo tulikwenda wote wawili. Mama wa nyumba yetu ndiye aliyetangulia kuzungumza, kwa kuwa wao wawili huazimana chumvi na kibiriti na maneno yao huwa mepesi. Tukauliza kama ni kweli. Mama Vitumbua akaendelea kuosha makarai yake kwa muda, kisha akasema, "Ustadhi, ningesema nini? Ungekuwa muziki, ningekuja kugonga siku ya kwanza. Lakini ni Qur'ani yenu. Niliogopa watu wasije wakasema nimewakataza kusikiliza Qur'ani."

Tulirudi nyumbani hatuna la kujitetea. Katika chuo tulikosomea, hadithi ya Jibril (AS) kumuusia Mtume (SAW) juu ya jirani, hata Mtume akadhani jirani atapewa fungu la urithi, tuliihifadhi pamoja na wapokezi wake, na tukajibia mtihani. Vilevile tulisoma katika mkusanyiko wa Abu Dawud kwamba Mtume (SAW), akiwa katika itikafu msikitini, aliwasikia watu wakisoma Qur'ani kwa sauti ya juu, akawaelekeza wasiudhiane kwa visomo vyao. Wale walikuwa waumini, ndani ya msikiti, wakisoma kwa ndimi zao wenyewe. Sisi tulikuwa na mashine, na aliyeudhika hakuwa na namna ya kulalamika bila kuogopa kuonekana adui wa Kitabu. Tulikuwa tumelifanya neno la Allah kuwa ngao ya kelele zetu. Hilo ndilo lililotuuma, kupita hata aibu ya barua.

Jambo jepesi lingekuwa kuizima sabufa na kuirudisha ndani ya boksi. Lakini Mzee naye ana haki, tena kubwa. Tulihitaji mtu anayejua sauti, na katika mtaa wetu mtu huyo alikuwa mmoja tu. Tukamfuata kijana wa banda la mpira.

Alitusikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Barua yenu bado ninayo, ustadhi. Hiyo ndiyo iliyonifundisha." Alitueleza kwamba baada ya kuipokea alijaribu kupunguza sauti yote, wateja wakalalamika kuwa mtangazaji hasikiki. Ndipo alipogundua kwamba kinachovuka ukuta si sauti ya mtangazaji, ni besi. Akapunguza besi peke yake, mtangazaji akabaki, na msikiti ukatulia. Sisi wa kamati hatukuwahi kumuuliza alifanyaje.

Alikuja Ijumaa baada ya swala, na mkoba wenye bisibisi, koleo na betri moja ya redio. Yafuatayo ni aliyotufundisha, nasi tunayaweka hapa kwa faida ya familia nyingine, kwa kuwa mengi hayahitaji fedha.

Kwanza aligeuza mtambo wetu, akatuonyesha mgongo wake. Palikuwa na matundu mawili tu ya kuingizia sauti ya televisheni, jekundu na jeupe. Akasema kinachoingia ni njia mbili, kushoto na kulia, basi spika tano haziwezi kupata habari tano. Zinarudia zilezile mbili. Mfumo wa kweli wa spika tano na besi, ule unaoandikwa 5.1, hupokea njia sita zilizotengwa tangu studio, na mtambo wake lazima uwe na uwezo wa kuzifumbua. Mfumo wa Dolby Digital, ulioingia katika kumbi za sinema mwaka 1992, ni wa aina hiyo, na njia zake husafirishwa kwa waya wa HDMI au kwa waya unaopitisha mwanga. Tena hata ukiwa na mtambo huo, matangazo yenyewe yawe yamerushwa kwa njia sita, na mengi tunayopata kwenye ving'amuzi vyetu ni ya njia mbili. Kwa hiyo anayetaka kununua asihesabu spika zilizo mbele ya duka. Ageuze mtambo, atazame matundu.

Pili aliitoa spika ya besi kwenye kona. Kona huikuza besi, kwa kuwa kuta mbili na sakafu huisukuma pamoja. Wimbi la besi ni refu. Sauti yenye mitetemo 50 kwa sekunde ina wimbi la karibu mita 7, na ukuta wa tofali moja si kizuizi kwake. Aliisogeza hadi ukuta wa nje, upande usiopakana na mtu, akaiinua kidogo kutoka sakafuni kwa vipande vinne vya kandambili kuukuu ili mtetemo usishuke kwenye saruji. Kisha akaipunguza hata tukadhani ameizima.

Tatu alizishusha spika mbili za mbele kutoka darini, akaziweka juu ya stuli, kimo cha masikio ya mtu aliyeketi, moja kila upande wa televisheni, zikimwelekea msikilizaji. Akatwambia umbali kati ya spika mbili ulingane na umbali wa kila moja hadi kiti, zikamilishe pembetatu. Kabla ya kufunga waya alizijaribu kwa ile betri. Akigusisha upande wa chanya kwenye ncha nyekundu na hasi kwenye nyeusi, ngozi ya spika inapaswa kuruka mbele. Moja ilirudi nyuma. Fundi aliyetufungia dukani alikuwa amekosea waya ndani yake, na spika mbili zinapovutana hivyo, sauti ya msomaji hutawanyika na besi humezana. Kosa hilo peke yake lilikuwa limetunyima nusu ya ufasaha, na lilitengenezwa kwa kubadilishana nyaya mbili.

Nne alituagiza tutandike zulia mbele ya televisheni na kutundika pazia zito kwenye ukuta wa nyuma. Mwangwi ukapungua papo hapo. Zulia lilikuwapo chumbani siku zote.

Tano, na hapa alikuwa na furaha ya fundi, alituonyesha namna ya kupata sauti ya nyuma bila kununua mtambo wa njia sita. Alileta amplifaya yake ndogo ya zamani, akaipima kwanza kuhakikisha ncha zake hasi zimeungana ndani. Kisha akaunga spika ya nyuma kwenye ncha chanya ya kushoto na ncha chanya ya kulia, bila kugusa ncha hasi kabisa. Spika iliyofungwa hivyo husema kile tu ambacho kushoto na kulia vinatofautiana. Mbinu hiyo hutajwa kwa jina la David Hafler, Mmarekani aliyeiasisi kampuni ya Dynaco, na ilienea mwanzoni mwa miaka ya 1970. Asiye fundi asiijaribu peke yake, kwa kuwa zipo amplifaya ambazo ncha zake hasi hazikuungana, na zinaweza kuungua.

Tuliiweka spika hiyo ya nyuma karibu na kiti cha Mzee, tukiamini tumempatia dawa. Tukafungua chaneli ya Haram. Kwa mara ya kwanza sebule yetu ilipanuka. Tulisikia mnong'ono wa umati nyuma yetu, na nyayo. Mzee akainamisha sikio kwenye spika yake, akasikiliza kwa makini, akasema, "Nasikia watu wanakohoa Makka. Imamu simsikii."

Kijana alicheka hata akaketi chini. Alikuwa amesahau jambo ambalo mwenyewe alitwambia punde. Sauti ya imamu huingia kushoto na kulia kwa usawa, kwa hiyo hakuna tofauti, na spika ile huifuta. Tulimpa Mzee msikiti mzima isipokuwa kisomo.

Kosa hilo lilitufikisha kwenye swali ambalo tulipaswa kuanza nalo, yaani sikio la Mzee lenyewe linasikia nini? Tulimpeleka hospitali. Sikio moja lilikuwa limezibwa na nta, ikatolewa. Kilichobaki, daktari alisema, hakitarudi. Ujanani Mzee alizamia majongoo bahari, katika miaka ambayo uvuvi wa baruti ulivuma katika pwani yetu, kabla Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma haijaanzishwa mwaka 2000. Mlipuko husafiri mbali majini, na mara nyingi ulimkuta chini. Iwapo ni baruti au ni umri, daktari hakutubainishia.

Alitueleza, hata hivyo, jambo lililotufumbua macho. Sikio la mzee hupoteza kwanza sauti nyembamba za juu, na humo ndimo zilimo herufi kama *s*, *f*, *t* na *k*. Irabu hubaki. Hebu msomaji ataje maneno haya: saa, taa, faa, kaa, paa. Ondoa herufi ya kwanza, yote ni neno moja. Mzee wetu alikuwa akiishi katika dunia ya *aa*. Ukimwongezea sauti, unamwongezea irabu, na ukimwongezea besi, unaifunika hata ile herufi chache aliyokuwa akiiotea. Miezi yote ile tulikuwa tukimlipia ngurumo, na jirani akikosa usingizi kwa ngurumo hiyohiyo isiyomfaa mtu.

Dawa ikawa ndogo. Kijana alichukua spika moja kati ya zile tano, akaifunga moja kwa moja kwenye njia ya kawaida, akaiweka juu ya kigoda kando ya kiti cha Mzee, nusu mita kutoka kwenye sikio lile linalosikia vizuri zaidi. Akapandisha sauti nyembamba, akazima besi. Mahali pa wazi, kila unapoupunguza umbali kwa nusu, sauti huongezeka kwa desibeli 6. Chumbani huongezeka pungufu ya hapo, lakini huongezeka. Kutoka mita nne hadi nusu mita umbali umegawanywa kwa nusu mara tatu. Kwa hiyo televisheni ilishushwa hata sisi tulioketi nyuma tukalazimika kunyamaza ili tuisikie, na Mzee akaanza kumfuata imamu kwa midomo, aya kwa aya. Alipofika mahali anapopahifadhi, sauti yake ilikuwa kubwa kuliko ya spika.

Spika ya nyuma tumeiacha kwa ajili ya watoto na mpira wao wa mchana. Saa tatu usiku huzimwa pamoja na besi, na kinachobaki ni kile cha kigoda.

Tuongeze mawili ya tahadhari kwa wakazi wa pwani. Umeme unapokatika, chomoa nyaya kwenye soketi na usizirudishe mpaka dakika chache baada ya umeme kurudi, kwa kuwa unaporudi huja umeyumba. Na hewa yetu ya chumvi huila shaba. Waya uliofungwa leo, baada ya miezi michache huota kutu ya kijani kwenye ncha zake, spika ikaanza kukwaruza, watu wakadhani imekufa. Kata ncha, menya upya, funga. Waya usipite chini ya mkeka mahali wanapokanyaga watu, wala soketi moja isibebeshwe televisheni, sabufa, jokofu na pasi.

Jambo hili halikuishia nyumbani. Katika kikao cha kamati kilichofuata tulieleza yaliyotupata, bila kuficha barua wala vitumbua. Ndipo mzee mmoja wa kamati aliposema kwamba mkewe hulalamika kila Ijumaa: upande wa kina mama khutba haisikiki, husikika mvumo. Tulikuwa na spika mbili kubwa mbele, na miaka yote kina mama walipolalamika tuliziongeza sauti. Sasa tumeweka spika nne ndogo, mbili zikiwa upande wao, kimo cha mtu, kwa sauti ya kiasi. Spika za nje tumeziachia adhana. Darsa za usiku husikika ndani, kwa wanaozihudhuria. Aliyezifunga ni kijana wa banda la mpira, na kamati ilimlipa ujira wake kama fundi mwingine yeyote. Barua ya pili tuliyomwandikia ilikuwa ya shukrani, nayo ilituwia ngumu kuiandika kuliko ile ya kwanza.

Na Mama Vitumbua? Tulikubaliana naye jambo moja. Asingoje mtoto aseme. Akigonga ukuta mara mbili, sisi tutapunguza, usiku wowote, liwe linasomwa lolote, wala hatutauliza kwa nini. Alisita kukubali. Mama wa nyumba yetu alimwambia kwamba akikataa, basi dhambi ya kumkosesha usingizi itabaki juu yetu naye atakuwa ametuachia. Hapo akacheka, akakubali.

Ramadhani iliyopita aligonga mara moja, usiku wa ishirini na saba. Binti yetu alikuwa amewasha spika zote ili nasi tusikie dua ya witri. Mzee ndiye aliyeinua mkono kumwashiria azizime, kabla yetu sisi tusiokuwa na tatizo la masikio. Dua ikaendelea kwenye kigoda peke yake, nasi tukasogea, tukaketi sakafuni kuzunguka kiti chake, mpaka ikaisha.

Tunamwomba Allah (SW) atupe masikio ya kusikia haki za wenzetu kabla hawajalazimika kugonga. Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.